Fleti ya ushirika ya miaka ya 1920 huko Jackson Heights: nichunguze nini kabla ya kutoa ofa?

Mpangaji wa Queens:
Wakubwa shikamooni, na wengine nawasalimu. Mimi na mume wangu tumepanga jijini New York kwa miaka tisa, na sasa tumepata fleti inayouzwa Jackson Heights, katika jengo la ushirika lililojengwa miaka ya 1920. Dari zake ziko juu, sakafu ni ya mbao, na madirisha yanatazama bustani ya ndani. Moyo wangu umekwisha kuhamia humo. Bei ni nafuu kuliko ya kondo za jirani, yaani fleti ambazo mnunuzi humiliki mwenyewe, ila ada ya kila mwezi inanitisha, na dalali anasema tutanunua hisa, si nyumba yenyewe. Naomba anayefahamu anieleze maana yake, na nyaraka zipi nizidai.

Mzee wa Hesabu:
Marahaba, mwanangu. Dalali amekueleza ukweli. Mwenye jengo ni kampuni. Wewe unanunua hisa zake, na hisa hizo ndizo zinazokupa mkataba wa kukaa katika fleti hiyo. Ada ya mwezi isikutishe kabla hujajua inalipia nini, kwa sababu ndani yake mna kodi ya majengo ya jiji, mishahara ya wafanyakazi, bima, joto la majira ya baridi na, mara nyingi, marejesho ya rehani ya jengo zima, ilhali mwenye kondo hulipa kodi ya majengo peke yake, nje ya ada.

Rehani hiyo ya jengo ndiyo ningeanza nayo. Dai hesabu zilizokaguliwa za miaka miwili au mitatu, uangalie deni limebaki kiasi gani, riba yake ni ipi na linakomaa mwaka gani, kwa maana deni lililochukuliwa riba ikiwa chini, likihuishwa kwa riba ya juu, litapandisha ada yako hata kama jengo halijaongezewa msumari mmoja. Tazama pia akiba ya jengo. Na uulize kama ardhi ni mali ya kampuni au imekodishwa. Ikiwa imekodishwa, mimi nisingenunua.

Fundi wa Majengo ya Zamani:
Dada, nami niongeze upande wa jengo lenyewe. Mwaka 1979 mwanafunzi wa Barnard College, chuo cha hapa New York, aliuawa na kipande cha ukuta kilichoanguka, na tangu sheria iliyofuata, kuta za nje za majengo yanayozidi ghorofa sita hukaguliwa kila baada ya miaka mitano. Jengo lenu likiwa na ghorofa sita au pungufu halibanwi na sheria hiyo, kwa hiyo waulize wenyewe mara ya mwisho matofali na paa vilitengenezwa lini. Ikiwa lina zaidi ya futi za mraba 25,000, uliza pia kuhusu sheria ya mwaka 2019 ya kupunguza hewa ya ukaa, ambayo viwango vyake vilianza mwaka 2024 na vitakazwa mwaka 2030, kwani kubadilisha bwela la zamani, mtambo wa kupasha jengo joto, ni gharama ya wanahisa wote. Mkiwa na watoto, kumbukeni kwamba jiji lilipiga marufuku rangi yenye madini ya risasi, ambayo ni sumu, katika makazi mwaka 1960, hivyo tabaka za chini za jengo la umri huo huenda bado zinayo.

Mama Wawili:
Mdogo wangu, usisahau bodi inayoendesha kampuni ya jengo. Itasoma mapato yenu, madeni yenu na akiba itakayobaki baada ya kununua, kisha itawaita kwa mahojiano, na inaweza kukataa bila kutoa sababu. Sisi tulikataliwa mara ya kwanza, na iliniuma sana. Sheria inakataza ubaguzi, jambo ambalo kwangu ni zito, maana fleti za bustani za Jackson Heights zilipoanza kuuzwa, Weusi na Wayahudi hawakuruhusiwa kununua. Nendeni mkiwa mmejiandaa, na someni kwanza masharti ya kupangisha na kukarabati.

Mpangaji wa Queens:
Asanteni sana. Leo nimemwomba wakili adai hesabu za miaka mitatu na kumbukumbu za mikutano ya bodi. Ofa itasubiri hadi atakapozisoma.