Katuni za zamani zinanuka uvundo na ng'onda: jua, mkaa, bekingi soda au udi?

Mtoto_wa_Chikongola

Wakuu kwema? Nipo Mtwara mjini. Marehemu mjomba alikuwa kibarua bandarini, kaniachia kreti mbili za katuni. Moja imejaa Sani za zamani, lile gazeti letu la katuni, zile za kina Ndumilakuwili na Lodi Lofa. Nyingine ina kama thelathini za Kimarekani za miaka ya 1970 na 1980, alikuwa akipewa na mabaharia. Kreti zote zilikaa stoo miaka mingi, ubavuni mwa magunia ya ng'onda, chini ya bati linalovuja.

Juzi kaja mnunuzi kutoka Dar. Nikampa ile nzuri kuliko zote: jalada linang'aa, mgongo haujavunjika. Kaifungua katikati, kaisogeza puani, kisha kaifunga polepole na kuirudisha mezani kwa vidole viwili, kama mtu aliyepakatishwa mtoto wa jirani halafu akagundua nepi imejaa. Hakusema neno baya. Alitaja tu bei ambayo ni nusu ya ile tuliyoongea kwenye simu.

Sasa naomba msaada. Harufu inashusha gredi kweli, yaani ile alama ya hali ya katuni, au jamaa alikuwa ananipiga bei? Na nikitaka kuiondoa, njia ipi? Bibi anasema nianike juani. Mke wangu anasema nifukize udi.

Mzee_wa_Mikindani

Pole kwa msiba, mwanangu. Udi waache wafukizie nguo. Ule ni moshi, na moshi unaacha masizi na mafuta kwenye karatasi. Utakuwa na ng'onda iliyotiwa udi.

Kuhusu gredi: ni kazi ya macho. CGC, kampuni ya Marekani iliyoanza kupanga gredi za katuni mwaka 2000, wana ngazi kuanzia 0.5 hadi 10.0. Wanaangalia jalada, mgongo, pini, mikunjo, mipasuko, madoa, na kwenye lebo wanaandika pia hali ya kurasa, kama ni nyeupe, krimu au zimeshageuka hudhurungi. Namba ya pua haimo. Tena kitabu kikishafungiwa ndani ya lile gamba lao la plastiki, mnunuzi hanusi kitu.

Ila harufu haiji mikono mitupu. Uvundo maana yake kuna ukungu, au ulikuwepo, na ukungu unaacha vidoa ambavyo jicho linaviona. Unyevu ulioleta ukungu ndio huohuo unaotia pini kutu. Kutu inahamia kwenye karatasi, inaila taratibu, siku moja unafungua ukurasa wa katikati unabaki nao mkononi. Hapo gredi imekwenda, na wala si kwa sababu ya harufu. Sigara nayo ni hivyohivyo, ule utando wake wa njano unaonekana kwenye kingo nyeupe.

Halafu kuna harufu moja watu wanaisumbukia bure, ile tamutamu inayofanana na vanila. Karatasi ya gazeti ni ya mbao iliyosagwa, ina lignini nyingi, ile gundi ya asili ya mbao. Lignini ikivunjika kwa uzee inatoa, pamoja na mambo mengine, vanilini, ileile inayotia vanila harufu yake. Ni karatasi inazeeka. Hakuna mkaa wa kuiondoa.

Kwa hiyo jamaa hakukosea. Anayenunua bila gamba ananunua na pua yake.

Korosho_ni_Mali

Mbona rahisi? Pulizia salfa. Inaua ukungu kwenye mikorosho, itashindwa na gazeti? 😂

BintiNachingwea

@Korosho_ni_Mali kaka usimpoteze mwenzio, kuna watu humu watafanya kweli. Salfa tunapulizia dhidi ya ubwiri unga, na huo unaota kwenye majani na maua ya mkorosho ulio hai. Ukungu wa stoo ni mwingine. Na ule unga wa njano ukiingia kwenye mkunjo wa katuni hautoki. Karatasi hiyo ina asidi yake tayari, usiiongezee balaa.

Shikamoo mzee. Mimi nimewahi kuokoa vitabu vya baba baada ya paa kuezuliwa, kwa hiyo nasema niliyoyafanya.

Jua: hapana. Najua mabibi zetu wanaanika kila kitu, hata godoro, na kweli harufu inapungua. Lakini mwanga wa jua ndio unaoigeuza lignini kuwa njano. Nilianika vitabu viwili asubuhi moja tu, upande uliotazama juu ukapauka, jalada likajikunja kama ganda la muwa. Kivuli chenye upepo kinatosha.

Bekingi soda, ile ya dukani ya kuokea na siyo magadi ya kupikia maharage: niliweka kwenye bakuli ndani ya ndoo yenye mfuniko, vitabu juu ya kichanja cha waya ili visigusane. Uvundo ulipungua baada ya wiki hivi. Ila kwa ng'onda sidhani itakufaa sana. Soda inashika harufu zenye uchachu. Ile harufu kali ya samaki iko upande wa pili, haina asidi ya kuzimwa na soda. Hapo nenda na mkaa.

Mkaa huu wetu wa gunia unafaa, japo hauna nguvu kama ule uliotengenezwa maalumu kwa vichujio vya maji. Uvunje vipande vidogo, upepete vumbi lote nje, uufunge kwenye kitambaa cha pamba mara mbili. Mara mbili, nasisitiza. Mimi nilifunga mara moja, na alama ya kidole changu cheusi iko kwenye jalada la kitabu cha baba mpaka leo.

FundiLigula

Wadau mnaruka hatua. Mkaa bila kukausha ni kazi bure, kwa sababu karatasi ina maji ndani yake. Unyevu wa hewa ukikaa juu ya asilimia 65 au 70 muda mrefu, ukungu unaamka tena, na hapa pwani masika kuvuka kiwango hicho ni jambo la kawaida. Hakuna maana ya kutoa harufu Februari na kurudisha kitabu stoo ileile Machi.

Mimi ningesubiri upepo wa kusi. Juni mpaka Septemba hewa yetu ni kavu zaidi, fungua chumba mchana, washa feni, lakini isiwapulizie vitabu usoni. Kama huwezi kusubiri, tumia chumba chenye kiyoyozi, kinakausha hewa. Nunua na kipima unyevu kidogo, vipo vya bei nafuu. Vile vipakti vya chembechembe vinavyokuja na viatu vipya navyo vinasaidia ndani ya ndoo, ila vikishajaa maji havifanyi tena kazi.

Friji ya barafu watu wanaisifia. Inaua wadudu, sawa. Ukungu inaulaza tu, ukitoka kwenye baridi unaamka.

Mzee_wa_Mikindani

Fundi kasema kweli. Niongeze mawili nimalize.

La kwanza, usipulizie kitu chochote cha maji maji, wala pafyumu, wala dawa ya kuua harufu, wala usifute kurasa kwa kitambaa chenye unyevu. Mbali na madoa, CGC wakigundua kitabu kimesafishwa kwa maji au kemikali wanakihesabu kuwa kimekarabatiwa, kinapewa lebo ya zambarau, na bei ya zambarau ni ya chini. Kukausha na kukaa na mkaa pembeni havimo humo, maana hakuna kilichogusa karatasi. Mashine za ozoni nazo ziache. Ozoni inaondoa harufu kwa kuunguza kinachonuka, na karatasi nayo inaunguzwa humohumo.

La pili, usipeleke kila kitu gredi. Kutoka Mtwara mpaka Florida waliko CGC na kurudi, posta, bima, ada, labda katuni mbili tatu katika hizo thelathini zitalipa gharama. Sani ziweke. Mnunuzi wake ni mtu aliyezisoma akiwa mdogo. Huyo hahitaji gamba, anataka kuzifungua. Ndiyo maana kwake harufu ni shida kubwa kuliko kwa yule wa gamba.

Korosho_ni_Mali

Mzee unaongea kama mwalimu wangu wa sayansi kimu. Heshima.

Mtoto_wa_Chikongola

Nimerudi baada ya wiki tatu. Nilifuata kwa mpangilio wa Fundi: nimezikausha kwanza chumbani kwa rafiki mwenye kiyoyozi, siku tano, zimesimama zimefunguka kama feni. Nilivaa barakoa na nikazichambua kwa pua, rundo la ng'onda huku, la uvundo kule. Saba zilikuwa na ukungu wa kuonekana, nyeupe kama unga wa sembe kwenye kona. Hizo nimezipangusa nje kwa brashi laini ya rangi na nimezitenga, sitaki ziambukize zingine.

Zilizobaki zimekaa na mkaa kwenye ndoo mbili zenye mfuniko. Soda niliweka ndoo ya tatu ili nilinganishe. Binti ulisema kweli: kwenye soda uvundo umepungua ila samaki yupo. Kwenye mkaa za Kimarekani sasa zinanuka karatasi tu. Sani bado, ukiingiza pua kabisa kwenye mgongo unamsikia ng'onda kwa mbali. Nadhani kwa sababu hata jalada lake ni karatasi laini inayonywa kila kitu. Nimewabadilishia mkaa, nitawapa mwezi mwingine.

Mnunuzi nimemtumia picha za zile saba pia, na nimemwambia mapema kuhusu Sani. Kasema atakuja na pua yake.

Mkaa wa zamani nilikuwa nautupa, bibi kanizuia. Kaupikia uji asubuhi. Anasema uji ulikuwa mzuri, ila paka alikaa jikoni mpaka moto ukazimika.