Damu ya mtoto imesema ana alerji ya maziwa. Nimpe nini sasa?

Mama_Essence
Hodi bandugu. Niko Bukavu, huku Essence. Mtoto wangu wa kiume ana miezi 9, ndiye wa kwanza. Tumemfanyia kipimo cha damu, na matokeo yanasema maziwa hayamfai, tena kwa rangi nyekundu. Tangu siku hiyo silali. Nauliza jambo moja tu: nimpe maziwa gani mahali pa haya ya ng'ombe? Soya? Mbuzi? Baba yake yuko Kamituga na mtandao wa huko munaujua, kwa hiyo naamua peke yangu. Naomba musinitukane, nimechoka.

Baba_Mbuzi
Mbuzi, mama. Usiulize mara mbili. Koko yangu alilelewa na maziwa ya mbuzi kule Kabare na alikufa mzee kabisa. Niko nao wawili wanaokamuliwa sasa. Niandikie pembeni.

Mwana_Bushi
Pole sana, hata mimi maziwa ni adui yangu. Nilikwenda harusini Walungu, mukwe akanipa kibuyu cha maziwa mabichi, nikaogopa kumkatalia. Usiku ule nilikijua choo chao kuliko wenyewe. Lakini mashanza, yale maziwa yaliyoganda, nakunywa lita nzima na silalamiki. Mujaribishie mashanza.

Koko_wa_Bagira
Nimezaa saba. Hakuna aliyepimwa damu kwa ajili ya maziwa. Ninyi mabinti wa leo mtoto akijikuna mara moja munakimbilia bulabo.

Muuguzi_Mstaafu
Mwana_Bushi, yako si alerji. Yako ni sukari ya maziwa, laktosi. Wakubwa wengi huku kwetu tumbo halina tena kimeng'enya cha kutosha cha kuivunja. Maziwa yakiganda, bakteria wanakuwa wamekwisha kuila sehemu ya sukari hiyo, ndiyo maana mashanza yanakusamehe. Alerji ni ugomvi wa mwili na protini, kaseini na zile za maji ya maziwa. Na Baba_Mbuzi, usimuuzie mama huyu: protini za mbuzi na za ng'ombe zinafanana mno, mtoto mwenye alerji ya kweli ya ng'ombe karibu kila mara atadhurika na za mbuzi pia.

Mama, nikuulize kabla ya mengine. Mtoto akinywa maziwa anafanya nini, na baada ya dakika ngapi? Na hiyo karatasi imeandikwa IgE au IgG, zile aina mbili za kingamwili za damu?

Mama_Essence
Aksanti Muuguzi. Karatasi ni nzuri, ina rangi tatu, kurasa nne, vyakula 60. Si bulabo ya uchochoroni. Damu waliitoa kidoleni, wakaituma ng'ambo, siku kumi jibu likarudi. Dola 150. Kwa hiyo kuhusu kipimo sina wasiwasi. Swali langu ni maziwa ya kumpa.

Dada_wa_Temeke
Pole dada, huku Dar tunaita mzio. Wa kwangu alilamba karanga kwenye kijiko cha mwenzake. Hazikufika dakika kumi: midomo imevimba, vipele mwili mzima, anakoroma kama amekabwa. Nilipanda bodaboda bila viatu. Kipimo cha damu alikuja kufanyiwa baadaye kabisa, daktari akasema ni kuthibitisha tu kile ambacho macho yalikwisha kuona. Tangu siku ile hata mimi karanga sizigusi, nina chuki nazo.

Muuguzi_Mstaafu
Hayo ndiyo masimulizi ninayoyatafuta. Mama_Essence, umeniambia bei, rangi na kurasa. Hujaniambia mtoto alifanya nini.

Mama_Essence
Ngozi ya mashavu inakauka na kumwasha. Na mara nyingine choo kina ute.
Maziwa alianza kunywa na miezi 7, kwenye uji. Hakutapika. Hakuvimba.
Imeandikwa IgG4, nadhani ni aina ya hiyo IgG.
Lakini ngozi je? Mutasema ngozi nayo naota?

Muuguzi_Mstaafu
Huoti. Ngozi inatibiwa, na mafuta ya kupaka kila siku ndiyo mwanzo. Lakini niandikie hapa: vilivyo nyekundu kwenye karatasi ni vipi, na vya kijani ni vipi?

Mama_Essence
Nyekundu: maziwa, yai, ngano, maharagi. Njano: ndizi.
Kijani ni vingi. Samoni, lozi, kamba wa baharini, jibini ya kondoo, vingine sivijui hata kwa jina.

Mwana_Bushi
Kwa hiyo mtoto wa Essence ale kamba wa baharini na samoni, maharagi hapana 😂 Sambaza, wale samaki wadogo wa Kivu, wametajwa?

Muuguzi_Mstaafu
Cheka, lakini umegusa penyewe. Mama, tazama tena orodha yako. Vyekundu ndivyo anavyokula kila siku. Vya kijani hajawahi kuviona. Ndiyo kazi ya IgG: ni kingamwili zinazoonyesha kwamba chakula kimepita mwilini na mwili unakijua. Ukimpima mtoto wa jirani anayekunywa maziwa bila shida yoyote, huenda ukakuta maziwa nyekundu vilevile. Mwaka 2008 wataalamu wa alerji wa Ulaya walitoa tamko kwamba IgG4 isitumike kutafutia alerji ya chakula, na wenzao wa Marekani na Kanada wakawaunga mkono.

Inayohusika na kuvimba na vipele vya ghafla ni IgE. Hata hiyo peke yake haitoshi. Ikipanda inasema mwili umejiweka tayari, haisemi lazima mtoto ataugua, na huku kwetu minyoo nayo huipandisha IgE ya jumla. Ndiyo maana daktari anaanza na masimulizi, halafu kipimo, na akibaki na shaka anampa mtoto maziwa kidogo kidogo pale hospitalini, dawa iko mkononi. Kuna tena alerji ya utumbo ambayo damu haiisemi kabisa: choo kinatoka na damu, mtoto anatapika saa mbili baadaye. Hiyo unatoa maziwa wiki mbili mpaka nne, unatazama, halafu unayarudisha ukiwa na daktari. Kuyarudisha ndiko kunakothibitisha. Wengi wanatoa tu, basi, hawarudishi milele.

Wewe umetoa nini mpaka sasa?

Mama_Essence
Vyekundu vyote. Wiki tatu sasa.
Na titi, tangu Jumatatu. Maana mimi nakunywa maziwa, na nilisoma kwamba yanapita.
Siwezi kuacha katikati, waliniambia miezi sita ndipo mwili unatulia. Hata papa yake anasema hapa kando, tukishaanza tumalize.

Koko_wa_Bagira
Titi?? Mwanangu, umemnyang'anya mtoto titi kwa sababu ya karatasi?

Mpelelezi_wa_Nguba
Subirini kidogo. Nimesoma uzi huu toka juu. Mwanzoni baba yuko Kamituga, hana mtandao, mama anaamua peke yake. Sasa baba yuko "hapa kando". Dola 150, tone la kidole, siku kumi, kurasa nne za rangi: hakuna mama mwenye shida anayeandika hivyo, hivyo anaandika mwenye kuuza. Kesho atatokea mwingine, "mimi pia nilipima, mtoto akapona", na namba ya WhatsApp chini yake. Hili ni tangazo. Mtoto hayupo.

Mwana_Bushi
Eeh! Nami nilianza kujiuliza, tone moja la damu lipime vyakula 60?

Baba_Mbuzi
Kwa hiyo mbuzi wangu hawatakiwi tena?

Dada_wa_Temeke
Muuzaji gani anakubali kuandika IgG4 mbele ya muuguzi? Mwacheni aseme.

Mama_Essence
Mtoto yupo. Jana nimempima kwenye kituo cha afya: kilo 7.9. Mwezi uliopita alikuwa 8.3.

Papa yake ameshuka juzi, siku mbili njiani kwa mvua hizi. Ameshuka kwa sababu ilikuwa zamu yangu ya likelemba, ule mchango wa kupeana kwa zamu, na pesa ile ilikuwa ya mabati. Mabati hakuyakuta. Nilimwambia kipimo kiliandikwa na daktari. Hakuna daktari aliyekiandika. Aliyenieleza habari yake ni mama mmoja tunayesali naye, anachukua kitu kidogo kwa kila mtu anayempeleka, nilikuja kujua baadaye. Na muuguzi wa kituo alikwisha kuniambia haya mnayoniambia, neno kwa neno. Nilikuja hapa nikitegemea mutamkosoa yeye.

Sasa anausoma uzi huu na mimi. Ananiuliza ni daktari gani.

Mpelelezi_wa_Nguba
Nimekosea, mama. Pole.

Muuguzi_Mstaafu
Mabati muyaongee wawili, hayo hayanihusu. Titi mrudishie usiku huuhuu. Tangu Jumatatu ni siku chache, ukimweka mara kwa mara maziwa yatarudi, na wewe endelea kula na kunywa kama kawaida. OMS, shirika la afya la dunia, wanasema titi mpaka miaka miwili na kuendelea. Maziwa ya ng'ombe kwenye uji usiyarudishe peke yako: kwa kuwa ana hiyo ngozi na wiki tatu hajayagusa, mpeleke asubuhi, wamwonjeshe mbele ya daktari. Na uzito huo uwaonyeshe.

Mama_Essence
Na maharagi? Yako nyekundu pia.

Muuguzi_Mstaafu
Alikula mara ya mwisho lini?

Mama_Essence
Nilidhani wiki tatu. Kumbe jana koko yake alimpa nikiwa soko ya Kadutu, ameniambia sasa hivi baada ya kusikia tunabishana.

Muuguzi_Mstaafu
Akafanya nini?

Mama_Essence
Anasema alishika kijiko, akakataa kukiachia.