Mjadala: Dakika 30 za nyongeza kwenye mashindano ya mitaa Mombasa, zibaki au twende penalti moja kwa moja?

Mwanzisha mada, Kisauni

Assalaam alaykum wadau wa soka. Tulizungumze hili kabla joto la kaskazi halijatukuta. Mechi zetu za mwondoano zikiisha sare, tunaongeza dakika 30 ndipo tupige penalti. Mimi nataka hizo dakika ziondolewe.

Anzeni kuhesabu saa. Viwanja vyetu vingi havina taa. Mechi ikianza saa kumi, weka mapumziko, dakika za majeruhi na nyongeza, penalti zinaangukia magharibi, na hapo umeanza kwa wakati, jambo ambalo ni nadra. Kwa hivyo waandalizi wanarudisha mechi saa tisa. Yaani vijana wote, hata wale watakaomaliza kwa dakika 90, wanachomwa na jua la saa tisa kwa ajili ya nyongeza ambayo huenda isichezwe. Januari hadi Machi joto letu hufika nyuzi 32 au 33, na hewa ya pwani imejaa unyevu. Jasho linatiririka tu, halikauki, na jasho lisilokauka halipoozi mwili.

Halafu tazameni mwili wenyewe. Mchezaji wa kiwango cha juu hukimbia kilomita 10 hadi 13 kwa dakika 90, moyo ukipiga kwa wastani wa asilimia 80 hadi 90 ya upeo wake. Watafiti wa Denmark walichukua vipande vidogo vya misuli ya paja za wachezaji baada ya mechi, wakakuta karibu nusu ya nyuzi za misuli hiyo zimemaliza akiba yake ya sukari au zimebakiwa na kidogo mno. Hapo ni dakika 90. Sisi tunamdai kijana nusu saa zaidi.

Kocha wa vijana, Likoni

Sheikh, hoja ya jua naikubali. Hoja ya mwili siikubali. Tunajenga pumzi msimu mzima, tunafanya Yo-Yo: koni zimeachana mita 20, kwenda na kurudi kwa kufuata mlio, sekunde 10 za kushusha pumzi, kisha tena, kasi ikipanda. Aliyefanya kazi hiyo anavuna kwenye nyongeza. Ukimpeleka penalti unamfuta, unamsawazisha na aliyelala. Na wachezaji wa akiba je? Sheria inaruhusu kubadilisha watano, na mashindano yanaweza kuruhusu mmoja zaidi kwenye nyongeza.

Mwanzisha mada, Kisauni

Kocha, Yo-Yo inakuonyesha pumzi ya kijana Jumanne akiwa amepumzika. Dakika ya 95 amebakiwa na nini? Hilo hatulipimi, tunakisia kwa macho. Na wewe unajua timu ngapi za mtaani zinafika uwanjani na wachezaji watano wa akiba walio tayari kweli.

Beki wa kulia, Changamwe

Wachezaji hatuulizwi, kwa hivyo najibu bila kuulizwa. Dakika ya 100 miguu unaituma, haiji. Naacha kupanda, nabaki nyuma, kocha anapiga kelele kwamba nimelegea. Lakini ukinifuata mstarini uniulize kama naweza kuendelea, nitasema naweza. Sote tunasema hivyo. Msichukue neno letu, tupimeni.

Tabibu wa viungo, Tononoka

Ahsante beki, umesema kweli tupu. Zile fulana za GPS, zenye kifaa cha kufuatilia mwendo wa mchezaji, ziliruhusiwa kwenye mechi rasmi tangu 2015 na zinahesabu kila mbio, lakini bei yake si ya mtaani. Vya kutufaa vipo. Mpime mchezaji kwa mizani kabla na baada ya mechi, ujumlishe maji aliyokunywa: kila kilo iliyopungua ni takriban lita moja ya maji. Akipoteza asilimia 2 ya uzito, kiwango chake huanza kushuka. Kwa mtu wa kilo 65 hiyo ni kilo 1.3, na kwa jua letu haichukui muda. Mwambie aruke wima kando ya ukuta, vidole vina chaki, uone amepungukiwa sentimita ngapi kuliko alivyoruka kabla ya mechi. Nusu saa baadaye muulize ugumu wa mechi kwa alama 0 hadi 10, uzidishe kwa dakika alizocheza, upate mzigo wake. Alama 7 kwa dakika 90 ni 630. Alama 8 kwa dakika 120 ni 960, na mzigo huo anaubeba mpaka mechi inayofuata. Mapigo ya moyo peke yake msiyategemee, joto tu linayapandisha.

Shabiki, Majengo

Mnaua mpira! Agosti 2025, robo fainali ya CHAN, kombe la Afrika la wachezaji wa ligi za ndani, pale Kasarani, Harambee Stars yetu ya taifa na Madagascar 1-1, dakika 120, penalti zikatutoa. Iliuma, lakini ile nusu saa nchi nzima ilisimama. Na Madagascar haohao wakacheza 120 tena na Sudan, wakashinda, wakafika fainali. Walichoka wapi?

Mwanzisha mada, Kisauni

Ndugu yangu, mechi zile zilipishana kwa siku nne, madaktari wapo, taa zipo. Na fainali bado waliipoteza 3-2 kwa Morocco. Sisi tunacheza Jumamosi na Jumapili. Copa América ya 2024, kombe la mataifa ya Amerika Kusini, kanuni ilikuwa robo na nusu fainali zikiisha sare ziende penalti papo hapo, nyongeza ikawekewa fainali.

Kocha wa vijana, Likoni

Na fainali hiyo Argentina waliifunga Colombia dakika ya 112. Nyongeza ilitoa mshindi kwa mguu, si kwa bahati.

Mwandalizi wa mashindano, Kongowea

Mimi ndiye ninayelaumiwa kwa saa tisa, na sababu aliyoitaja mwanzisha mada ndiyo hasa. Nyongeza ikibaki kwenye fainali tu, mechi nyingine zote naweza kuzianza saa kumi na robo. Mashindano ya usiku ya Ramadhani yana taa, hayo yajadiliwe peke yake. Pumziko la maji kila kipindi naliingiza kwenye kanuni leo. Mizani nitanunua, ila nani atasimama hapo kuandika?

Tabibu wa viungo, Tononoka

Mimi, na wanafunzi wangu wawili.

Kocha wa vijana, Likoni

Robo fainali chukueni. Nusu fainali sijakubali. Nipeni kilo na mruko wa vijana wangu wikendi mbili, nikiona Jumapili wanaruka chini kuliko Jumamosi, turudi hapa.