Kuishi Karen bila gari, inawezekana kweli?

Mgeni_Umoja: Habari wadau. Nimepata kazi ya kufundisha chekechea huku Karen, Nairobi, naanza mwezi ujao, sasa kuna mama amenionyesha SQ (nyumba ya wafanyakazi) ya chumba kimoja, choo ndani, nyuma ya nyumba yake, ukishapita Hardy unaingia ndani kabisa. Bei si mbaya na pametulia mpaka unasikia ndege. Shida sina gari. Kutoka getini hadi kwa matatu nilihesabu dakika 25 kwa mguu na sikukutana na mtu ila askari wa mageti. Nimezoea Umoja, ukitoka mlangoni mama mboga huyu hapa. Kuna mtu anaishi huko bila gari ama nipange Ngong nikuwe nasafiri?

NyaKisii: Dadangu nimekaa SQ huko miaka minne nikilea watoto wa watu. Inawezekana lakini miguu itajua. Sehemu kubwa ya huko ilikuwa shamba la kahawa la yule mwandishi Mdenmark, Karen Blixen, lilipouzwa 1931 likakatwa ploti kubwa kubwa, ndio maana kutoka geti hadi geti ni safari na barabara nyingi za ndani hazina njia ya miguu. Saa moja jioni unatembea kando ya ua wa kaiyaba, gari ikija unajibana kwa miiba, mimi nilirarua sweta mbili hivyo hivyo. Nunua tochi, na msimu wa mvua beba viatu vya kubadilisha. Chakula usiogope, uliza Kuwinda, mtaa wa mabanda hapo Karen. Sukuma, githeri, fundi wa nguo, kinyozi, kila kitu bei ya kwetu. Bila Kuwinda singemaliza hata mwezi.

Baba_Bulbul: Mimi niko Bulbul. Matatu ya 111 inapita Karen ikienda Ngong lakini wewe uko upande wa Hardy, hapo ni 24 ya Lang'ata Road, kwa hivyo ukipanga Ngong utakuwa unapanda mbili kila asubuhi na mvua ikinyesha nauli inaruka. Chukua hiyo SQ, utafute boda mmoja unayemjua kwa jina wa kukuchukua stejini usiku, usipande yeyote tu.

Mwende_K: Kabla hujalipa kitu, kaa chini na huyo mama muulize geti linafungwa saa ngapi na kama unaruhusiwa wageni. Mimi sikuuliza. Mamangu alitoka Kitui na gunia la mahindi, akawekwa nje ya geti masaa mawili juu mwenye nyumba alikuwa amelala na askari aliogopa kumwamsha. Nilimkuta amekalia hilo gunia, mpaka leo nikikumbuka nasikia uchungu. Uliza pia stima, kama mita ni yako ama mnagawana, na maji ya borehole kama yanafika huko nyuma.

Mgeni_Umoja: Asanteni sana, Mwende pole kwa mama. Nimempigia simu, geti ni saa nne usiku, wageni sawa bora nimwambie askari mapema, tokeni nanunua zangu. Nimelipa deposit. NyaKisii, huko Kuwinda githeri inapatikana kuanzia saa ngapi? Natakiwa shule saa moja kasoro.

NyaKisii: Saa kumi na moja alfajiri sufuria ziko motoni, watu wa mashamba na wa mageti wanapita mapema. Beba kontena yako.