Ukuta umechorwa X nyekundu: mwenye nyumba aanzie wapi?

Swali: Ndugu zangu, maofisa wa KCCA (Mamlaka ya Jiji la Kampala, Uganda) wakichora X ukutani, alama kwamba nyumba inaweza kubomolewa, na kuondoka bila kuacha karatasi, mtu afanye nini?

Jibu 1: Piga picha siku hiyohiyo, rangi ikiwa mbichi, ukuta wote uonekane. Kisha andika barua kwa karani wa mji (Town Clerk) wa diviseni yako, yaani sehemu yako ya jiji, ukidai notisi ya maandishi: sheria gani imevunjwa, nani ameagiza, muda ni upi. Peleka nakala mbili. Yako igongwe muhuri wa kupokelewa, wenye tarehe. Bila muhuri ule, barua ni kama haikufika.

Jibu 2: Naongeza: Kifungu cha 42 cha Katiba kinakupa haki ya kutendewa kwa haki katika uamuzi wa kiutawala. Ukitaka nyaraka zao, tumia Sheria ya Kupata Habari ya 2005. Wana siku 21 za kujibu. Mahakama Kuu nayo inapokea maombi ya mapitio, yaani kuchunguza uhalali wa uamuzi wa ofisi, ndani ya miezi 3. Wengi hukwama hapa, wanazungushwa ofisini mpaka muda unaisha.

Jibu 3: Barua ya mwenyekiti wa LC1 (baraza la kijiji) si kibali cha kujenga, jamani! Inathibitisha ukaaji tu. Tafuteni ramani iliyoidhinishwa kwanza. Na hela msimpe ofisa mkononi. Lipeni benki, mtunze risiti.