Mabosi wa kampuni za ulinzi Arusha na Moshi: lindo la saa 12 mnalilipa kwa hesabu ya shule gani?

Wakuu, nimechoka kusikia "hapa kwetu ovataimu hamna, mshahara ni jumla." Jumla ya nini? Mlinzi anapokea lindo saa 12 jioni, iwe Njiro, Sakina au Shanty Town, anakabidhi saa 12 asubuhi, siku 6 kwa wiki. Mwisho wa mwezi analipwa kama mtu wa ofisini aliyefunga mlango saa 11 jioni akaenda zake kula. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inataka saa za kawaida zisizidi 9 kwa siku na 45 kwa wiki. Zikizidi hapo ni ovataimu, na inalipwa mara moja na nusu.

Tupige hesabu, maana hapa ndipo wanapowachezea. Mshahara wa msingi wa mwezi unagawanywa kwa 195, yaani saa 45 mara wiki 4.333. Nachukua 390,000 kwa kuwa haiachi mabaki (najua wengi mnaisikia tu). Saa moja ni 2,000, ya ovataimu 3,000. Kuanzia saa 2 usiku mpaka saa 12 asubuhi kila saa inaongezewa asilimia 5: sh. 100 kwa saa ya kawaida, sh. 150 kama saa hiyo ni ya ovataimu.

Mlinzi wa usiku wa siku 6 anafikisha saa 72. Toa 45, zinabaki 27, mara 3,000 ni 81,000. Nyongeza ya usiku: katika siku 5 za kwanza, saa 7 za usiku kila siku zimo ndani ya muda wa kawaida, jumla 35, hiyo ni 3,500. Zile saa 3 za kuelekea asubuhi kila siku, ukijumlisha na saa 10 za usiku wa sita (zile 45 zimeshatimia), ni 25 juu ya ovataimu, 3,750. Wiki moja 88,250. Wiki 4 ni 353,000. Mnamnyima mtu mshahara mwingine karibu mzima, halafu mnampa "posho ya usiku" ya kununulia chai na maandazi mawili!

Na hapo hata kikomo kimeshavunjwa. Ovataimu haitakiwi kuzidi saa 50 katika wiki 4. Huyu anazo 108.

Wakibanwa wanaleta visingizio. Cha kwanza: "toa saa moja ya mapumziko." Ni kweli, dakika 60 za mapumziko zinatakiwa baada ya saa 5 mfululizo, na mwajiri halazimiki kuzilipa. Lakini akikutaka ufanye kazi au uwepo tayari kwa kazi, anazilipa. Mlinzi aliye peke yake getini, anayekula wali huku akisikilizia honi, amepumzika wapi? Cha pili: "mlisaini wiki ya saa 12." Mpangilio huo upo kisheria, ila ni kwa makubaliano ya maandishi, siku zisizidi 5 na saa za kawaida zibaki 45. Siku 6 haiingii humo hata kwa kusukuma. Cha tatu ndicho cha kijanja zaidi: mshahara unakatwa vipande, msingi unabaki mdogo, kingine kinaitwa posho ya hiki na kile, kwa sababu ovataimu inakokotolewa kwenye msingi. Soma mkataba kabla hujasaini, si baada.

Ukiitwa siku ya ofu au sikukuu, iwe Saba Saba au Krismasi, ni mara mbili. Kwa mfano wetu, 4,000 kila saa.

Sasa ushahidi. Kule ofisini kuna rejista ya mahudhurio iliyojazwa mwezi mzima kwa kalamu moja na mwandiko mmoja, wote mmeingia na kutoka mkiwa na saa 9 kamili. Getini kuna OB, yaani daftari la matukio, na OB haijui kudanganya: "1800 nimepokea lindo, kufuli 4, tochi 1, rungu 1, hali shwari." Halafu kesho yake: "0655 nimekabidhi." Zile dakika 55 ni za rilivu, yaani mlinzi wa kukupokea, aliyekosa kifodi (daladala) cha kwanza, na hakuna anayezihesabu. Kwa hiyo kila mtu awe na daftari lake: tarehe, lindo, saa ya kupokea, saa ya kukabidhi, jina la aliyekupokea. Andika siku hiyohiyo. Daftari lililojazwa kwa mkupuo usiku wa kuamkia shauri linajulikana tu.

Kwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, yaani CMA, Arusha na Moshi zote zina ofisi. Hakuna ada. Unajaza fomu namba 1, nakala unampelekea mwajiri, na unabaki na uthibitisho kwamba ameipokea. Bila huo utazungushwa. Wengi wanaanguka kwa mambo madogo. Mtu anaandika "nadai ovataimu" bila idadi ya saa wala kiasi. Mwingine anaishtaki hoteli anayoilinda wakati mwajiri wake ni kampuni ya ulinzi. Huyu wa tatu amepewa laki moja ya kumpoza, akasaini karatasi ya "sina madai".

NYONGEZA: Mdau kauliza kuhusu kukatwa kwa sababu ya betri ya gari iliyoibwa lindoni. Hawakukati kienyeji. Kosa liwe lako, upewe maelezo ya maandishi na kiasi, upewe nafasi ya kupinga, na makato yasizidi robo ya mshahara.

Mwingine kasema anasubiri kwanza bosi arudi kutoka Dar. Madai ya malipo yana siku 60 tangu mgogoro uanze, kuachishwa kazi ni siku 30. Ukichelewa unaanza na fomu namba 2 kuomba uongezewe muda, na "bosi alikuwa safarini" si sababu ya kueleweka.