Naombeni ushauri: kijana wa riwaya yangu kafika Dar, lakini utoto wake haupotei

Kinyago_Mpya: Habari za jioni wakuu. Nimekwama na mswada, sura ya 9. Kijana wa miaka 16 kafukuzwa shule ya bweni Iringa, anaogopa kwenda nyumbani, anazurura Dar siku tatu. Anashuka Ubungo usiku, anapata gesti Manzese, mhudumu anampandishia bei, wanagombana, anapigwa na kuporwa. Nilitaka hapo msomaji aone utoto umekwisha. Nimeiandika upya mara nyingi na bado imekauka. Muda wa kuwasilisha kwenye shindano unakaribia, nasaidiwaje?

Binti_Mtendeni: Hadithi yako ni ya mwaka gani? Kama ni ya baada ya 2021, mabasi ya mikoani hayashushi Ubungo, yalihamia kituo cha Magufuli, Mbezi Luis. Mpandishe daladala mpaka Kimara, hapo achukue mwendokasi. Atapita Ubungo kabla ya kufika Manzese, amesimama, begi miguuni, anautazama mji kupitia kioo. Hapo una kurasa mbili ambazo sasa umeziruka.

Mzee wa Miswada: Ndugu yangu, sura ya 9 haina kosa, kosa liko nyuma yake. Kipigo peke yake ni taarifa ya polisi. Mtoto anayefika mjini akiwa mzima, akapigwa usiku mmoja, anapata majeraha ya mwili tu. Mji hauwezi kumvua utoto ambao msomaji hajauona. Kwenye sura 8 za mwanzo kuna kitu gani anachokipenda, ambacho kinaweza kuvunjika?

La pili ni pesa. Andika pembeni ya kila sura ana shilingi ngapi. Tuseme anashuka na 70,000: gesti 15,000, chipsi mayai 3,000, nauli, vocha. Usimpe kipato chochote njiani. Waandishi wengi huweka kijana mjini siku tatu bila kutaja anakula nini, na hapo ndipo msomaji anaacha kuogopa kwa niaba yake.

Ustadhi_wa_Temeke: Mnahangaika na gesti, mzazi yuko wapi? Kezilahabi alilionyesha hili katika riwaya yake Rosa Mistika mwaka 1971: Zakaria anampiga binti yake kwa sababu ya barua ya mvulana, na binti akitoka chini ya mkono huo hajui kujizuia kwa akili yake mwenyewe. Kitabu kikapigwa marufuku mashuleni, wakati wazazi ndio waliopaswa kukisoma kwanza. Mwandishi, mlete baba kabla hujamlaumu mhudumu.

Kinyago_Mpya: Ahsanteni. Baba yupo, ila ametajwa tu. Anachokipenda kijana ni mdogo wake wa kike, na kaka yake aliyefariki.

Haki_ya_Kalamu: Subiri kidogo. Kijana wa miaka 16, kafukuzwa bweni, anazunguka mjini kwa siku chache, ana ndugu marehemu na mdogo wa kike. Je, ana kofia? Jibu bila kuzunguka.

Kinyago_Mpya: Anayo. Sawa, nimefuata mifupa ya The Catcher in the Rye, riwaya ya Mmarekani J. D. Salinger kuhusu kijana Holden aliyefukuzwa shule. Lakini nimebadilisha kila kitu! Kofia nyekundu ya kuwindia nimeifanya ya Simba. Wale bata wa Central Park, bustani ya New York, ni kunguru wa Posta. Phoebe, mdogo wake Holden, ni Neema. Fomu ya shindano nimeshaijaza, inasema kazi ni yangu asilia, na naamini ni yangu, maana kila mwandishi anaazima kwa mwenzake. Swali langu ni sura ya 9 tu, mengine nimeshaamua.

Haki_ya_Kalamu: Wazo la kijana aliyefukuzwa shule halina mwenyewe, litumie. Ukichukua wahusika, mpangilio na alama moja baada ya nyingine, hiyo ni kazi ya mwenzio iliyobadilishwa mavazi. Salinger alifariki Januari 2010. Sheria yetu ya hakimiliki ya 1999 inalinda kazi kwa uhai wa mtunzi na miaka 50 juu yake, kwa hiyo hesabu mpaka mwisho wa 2060. Mwaka 2009 mwandishi wa Sweden, Fredrik Colting, aliandika kitabu kuhusu Holden aliyezeeka, akashtakiwa Marekani, na suluhu ya 2011 ikawa kitabu hicho kisiuzwe huko mpaka ulinzi wa kile cha kwanza uishe. Hata usiposhtakiwa, ile fomu uliyosaini inatosha kukuondoa.

Mzee wa Miswada: Na hata ulichoazima umekiazima vibaya. Allie, yule mdogo wake Holden aliyefariki, pamoja na glavu yake ya besiboli iliyoandikwa mashairi kwa wino wa kijani, tunamsoma sura ya 5, Holden akiwa bado bwenini. Kijana wa lifti ya hoteli anakuja kudai dola tano za ziada na kumpiga sura ya 14. Salinger aliweka kidonda kwanza, ngumi baadaye. Wewe kaka marehemu umemtaja sura ya ngapi?

Kinyago_Mpya: Ya 11.

Pwani_Mchanga: Mimi siamini kama kuna mswada. Huyu ni mwanafunzi kapewa swali la chuo kuhusu kupotea kwa utoto, anatufanyisha kazi. Angekuwa na sura 9 angeshatuwekea hata aya moja.

Binti_Mtendeni: Hata mimi nimeanza kujiuliza. Sura ya 11 imetoka wapi wakati umekwama ya 9? Weka aya.

Kinyago_Mpya: Niliruka mbele nilipokwama. Haya: *“Mhudumu akaegemea mlango. ‘Elfu ishirini.’ Nikamwambia tulikubaliana kumi na tano. Akacheka. Nilihisi huzuni kubwa moyoni, nikajua utoto wangu umekwisha.”*

Mzee wa Miswada: Basi mswada upo, na tufanye kazi. Futa sentensi ya mwisho yote. Sasa mhudumu anapandisha bei kwa sababu gani? Hujaiweka, ndiyo maana aya imekauka. Shule ilimpa barua ya kufukuzwa aipeleke nyumbani mwenyewe, sivyo? Pesa zake azifiche ndani ya barua hiyo. Ili alipe lazima aikunjue, na mhudumu anasoma muhuri wa shule na mstari wa kwanza. Anajua huyu hana wa kumpigia simu. Ndipo anasema elfu ishirini, kwa sauti ya upole.

Kipigo hakihitajiki tena. Toa na kofia, toa na kunguru, barua ikufanyie kazi zote mbili. Kesho yake asubuhi atakuwa na chini ya 50,000 na karatasi ambayo mtu mwingine keshaisoma kabla ya baba yake. Ustadhi anamtaka baba, huyo hapo.

Kinyago_Mpya: Neema je?

Mzee wa Miswada: Neema ni wa Salinger, mrudishe. Anza sura ya 3, mwalimu anapokunja barua na kumkabidhi. Fomu, waombe wakufungulie tena uirekebishe, kabla muda haujafika.